Mtu wa Kamba

Kiminini, Jumamosi mchana

Mwanangu Wambui,

Salamu hupelekewa aliye mbali, na wewe bado hujaondoka. Uko Ndalu na mama yako, mmeenda kumuaga kukhu wako, bibi aliyemzaa mama yako, na ninavyomjua hatawaachilia kabla hajachinja kuku na kuomba sala inayozunguka ukoo mzima. Kwa hiyo nina mchana huu mmoja. Nimeanika mahindi, nimemfukuza mbuzi wa jirani, na sasa nimekaa kwenye meza uliyokuwa ukifanyia hesabu zako, ile yenye mguu mmoja mfupi.

Mambo ya blanketi, mlango na kuchemsha maji ya kunywa sitayagusa. Mama yako ameyasema, akayarudia, na kesho asubuhi atayasema tena ukiwa umeshapanda gari. Mimi nina neno moja tu, na nimelizunguka wiki nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hata Jumapili ile mezani nilitaka kulisema, nikaishia kukuuliza kama chai ina sukari.

Jumapili hiyo ulituambia kazi yenu ya kwanza itakuwa nini. Ulisema ofisi yenu ya madini itaanza na kufunga mashimo ya dhahabu yasiyo na leseni kule bondeni, ng'ambo ya Kapenguria. Ulilisema kwa sauti ya kazi, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako, nami nilijivunia sana, lakini si kwa muda mrefu. Maana katika moja ya mashimo hayo yumo Wekesa, ndugu yako. Unajua yumo. Ulimpigia simu mbele yetu, ukamwambia atoke huko kabla hujafika, naye akakucheka: "Njoo unishike basi, sista. Lakini ukuje na viatu za matope." Mlicheka wote wawili. Mama yako aliondoka akaenda jikoni. Mimi nilibaki nikitazama kikombe.

Ninaogopa, Wambui. Sina namna nyingine ya kulisema. Nimekuwa mtu wa kuogopa tangu ukiwa mtoto, na leo hofu hiyo imepata majina mawili, lako na la ndugu yako.

Kwamba mjomba wako alifia shimoni, hilo umelijua tangu utoto. Kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kamba, hilo pia unalijua. Kiminini nzima inalijua, na wapo wanaonisalimia kwa sababu hiyo na wapo wasionisalimia. Lakini jinsi ilivyokwenda hujawahi kusikia kutoka kwangu. Nataka uisikie kabla hujavaa lile koti la ofisi.

Babu yako alitoka Murang'a akanunua shamba hapa pamoja na wenzake wa chama cha ardhi. Likaonekana kubwa mpaka alipozaa wavulana wengi. Kipande kilichoniangukia mimi ungeweza kukilima ukiwa umemeza mate mara moja. Mjomba wako Wekesa, ambaye ndugu yako ana jina lake, alikuwa rafiki yangu kabla hajawa shemeji, tulikuwa tukinunua mahindi vijijini na kuyauza mjini Kitale, na ni yeye aliyenipeleka kwao Ndalu siku ya kwanza, akamwambia mama yake, "Huyu ni Mkikuyu lakini anakula." Ndivyo nilivyompata mama yako.

Baada ya mavuno, mahindi yakishauzwa na ardhi ikiwa imekauka, hakuna kazi hapa mpaka mvua ya kupanda. Wakati huo ndio wanaume wa upande huu walikuwa wakienda bondeni kuchimba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tuliinama mpaka tukaingia ardhini. Hatukujiona wahalifu. Tulijiona wakulima walio likizoni. Mvua ya kwanza ikinguruma, kila mtu hukung'uta vumbi akarudi kwake kupanda, na shimo huachwa mpaka mwaka mwingine.

Sasa nikueleze shimo, ingawa umesoma vitabu vyake. Shimo la watu kama sisi ni jembamba, linashuka wima, kisha linageuka na kufuata mshipa wa jiwe lenye dhahabu. Anayeshuka hushuka kwa kamba. Juu hubaki mtu wa kamba, na mwenzake. Mtu wa kamba ndiye anayekanyaga mvukuto, kama ule wa mhunzi, unaopeleka hewa chini kupitia mpira mrefu, maana huko chini hewa huchoka upesi. Magunia ya mawe anaweza kuyavuta peke yake kwa gogo la kuzungusha, lakini mtu mzima havutwi na mmoja. Akitaka kupanda, mnavuta wawili. Kila mchimbaji huchagua mtu wake wa kamba kwa makini kuliko anavyochagua mke. Haendi kula, haendi haja, haendi kutazama ugomvi wa jirani, mpaka ampate wa kumshikia. Mjomba wako alinichagua mimi.

Na kulikuwa na sheria nyingine, ya wale wasio na leseni. Mgeni akiuliza kuna nani ndani, jibu ni moja: shimo halina mtu. Aliye chini akisikia magari, au sauti asiyoijua ikiita, azime tochi na anyamaze. Ukikutwa unachimba, unafungwa. Shimo tupu halimfungi mtu. Wekesa alikuwa na mdomo mwepesi, anayejibu hata asipoulizwa, na mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza. Nilimfundisha kwa bidii. Nilimwambia hata akiitwa kwa upole, hata akiitwa kwa jina la Mungu, asijibu mpaka nivute kamba mwenyewe.

Mwaka ule mvua ilikuwa imeshaanza kunguruma. Wenzetu wengi walikuwa wamefunga mizigo. Mshipa ukafunguka, jiwe likaanza kung'aa, na mjomba wako akasema, "Shemeji, tumarize hii kwanza." Nami nikasema tumalize. Siwezi kumtupia yeye lawama. Nilikuwa na tamaa kumshinda.

Maafisa walikuja mchana, jua likiwa kali. Kilichofuata ni watu kukimbia tu. Ukisimama kati ya watu wanaokimbia, miguu haikuulizi. Mwenzangu wa kuvuta alitoweka kwanza. Nilibaki na kamba mkononi na mguu juu ya mvukuto, nikawaza kumvuta, nikajua peke yangu siwezi. Ningeweza kubaki nikikanyaga hewa. Hilo ningeliweza, mwanangu. Lilihitaji mguu mmoja tu. Niliifunga kamba kwenye gogo nikakimbia.

Hawakunikimbiza mbali. Nilikamatwa kichakani nikarudishwa pale pale mdomoni mwa shimo letu. Afisa aliyeniuliza hakuwa mtu mbaya. Watu wakisimulia hadithi hizi hupenda afisa awe mkatili, na mimi pia miaka mingi nilitamani awe hivyo. Alikuwa kijana, kama wewe sasa, amechoka, shati limelowa jasho. Aliniuliza kwa utaratibu, "Mzee, kuna mtu huko ndani?" Mzee, na mimi sikuwa na mvi hata moja.

Nikamjibu, "Shimo halina mtu."

Hakuniamini. Alipiga magoti, akaweka mikono mdomoni, akaita chini. Aliita zaidi ya mara moja. Akatega sikio. Na mjomba wako, aliyekuwa hai huko chini, ambaye maisha yake yote hakuwahi kunyamaza kanisani wala msibani, siku hiyo alinyamaza. Alinitii.

Walitupakia kwenye lori wakatupeleka kituoni. Nilikuwa na usiku mzima wa kusema. Nilijiambia wenzetu waliojificha watarudi kumvuta, na nikisema nitamfungisha. Nao waliojificha, kila mmoja alijiambia kwamba mimi, Njoroge, nimekamatwa, bila shaka nimeshasema. Tulipoachiliwa na kufika shimoni, kamba ilikuwa bado imefungwa nilivyoifunga. Nilishuka mwenyewe. Alikuwa amekaa, ameegemea ukuta, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. Hewa ndiyo iliyomwishia. Tochi yake ilikuwa imezimwa. Nikaibonyeza, ikawaka.

Nimekaa kidogo nje kabla ya kuendelea. Mbuzi amerudi.

Tulimpeleka Ndalu. Kukhu wako hakupiga kelele nilivyotarajia, nilitamani anipige. Alinikalisha karibu naye, akaniuliza kama kweli mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kamba. Nikasema ndiyo, mama. Akafikiri, kisha akaniuliza swali ambalo hajawahi kulirudia, na ambalo sijawahi kulijibu: "Na urivyoacha, nani arishika?"

Ndugu yako alipozaliwa, ni kukhu aliyesema mtoto aitwe Wekesa. Kwao jina la aliyekufa hurudi nyumbani. Niliogopa jina hilo, lakini ningeanzia wapi kulikataa? Nimeliita uani kwa miaka mingi, njoo ule, njoo uoge, na kila mara kitu fulani ndani yangu hutega sikio kuona kama litajibiwa.

Mama (nakuita hivyo kwa sababu nilikupa jina la mama yangu, na ndiyo maana hata nikikasirika siwezi kukugombeza sawasawa), swali la kukhu ndilo lililonifanya niwe mtu wa makaratasi. Ulikuwa shule ya msingi, labda unakumbuka nikitoka asubuhi na bahasha kwapani kama karani aliyepoteza ofisi yake. Sheria mpya ilikuwa imekuja, ikisema kwamba hata mchimbaji mdogo ana haki ya kupewa kibali chake. Siku nilipoisikia nilicheka peke yangu barabarani hapa Kiminini, watu wakanitazama. Wengine waliona ni habari ya kodi na ushuru. Mimi niliona kitu kimoja tu: kwamba gari la serikali litafika, na mtu wa kamba hatakimbia. Atasema, karibuni, shimo lina mtu, ngojeni nimvute. Kwangu mimi leseni haijawahi kuwa kitu kingine.

Tukaunda ushirika, wakanifanya mwenyekiti kwa sababu nilikuwa na bahasha. Tukaambiwa tulete ramani. Tukamtafuta mtu wa kupima, akaja na chombo chake na kofia yake. Tukaambiwa tulete ripoti ya mazingira. Tukaambiwa mwenye ardhi atie sahihi, na ardhi ni ya jamii, haina mwenyewe mmoja, wazee wakakaa vikao kuanzia mbuzi wa kwanza aliyechinjwa mpaka wa mwisho na hawakukubaliana ni nani wa kushika kalamu. Kisha tukaambiwa kamati ya kutoa vibali haijateuliwa. Ikateuliwa, haikukaa. Ilipokaa, waliokuwa wakitujua wameondoka, na wapya wakaomba tuanze upya. Mwishowe tukaitwa. Nilivaa suti ya harusi yangu. Tukaambiwa kwamba pale tunapochimba pameingia ndani ya leseni ya kampuni kubwa ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kumwona mtu wake. Sisi tulipewa ng'ambo ya mto. Ng'ambo ya mto jiwe limekufa. Babu za wenyeji walishalichokonoa likaisha. Tulipewa haki ya kuchimba mahali pasipo na kitu.

Wachimbaji walicheka. Walicheka sana, wakanipiga mgongoni, "Mwenyekiti, si ulisema ni karatasi tu imebaki?" Wakarudi kwenye mashimo yao ya zamani. Na mimi nikafanya kosa langu la pili, ambalo watu hawalihesabu kwa sababu halikuua mtu siku hiyo hiyo. Nilisusa. Nilitupa bahasha juu ya kabati, nikarudi kwenye mahindi, nikasema serikali na wachimbaji wote wafie mbali. Nilikuwa peke yangu niliyejua ni mlango upi tulibisha na nani alisema nini. Kulikuwa na nafasi ya kukata rufaa. Niliijua, na kiburi kikanifunga mdomo. Ushirika ukafa bila hata mazishi. Ningevumilia mwaka mmoja au miwili zaidi, pengine leo ndugu yako angekuwa anachimba chini ya kibali chenye jina la baba yake. Anachimba bila karatasi kwa sababu baba yake alisusa. Nakuambia hili kwa sababu najua hasira yako, ni yangu. Huko uendako watakuudhi pande zote mbili, wa ofisini na wa shimoni. Kasirika, lakini usiondoke mlangoni ukiwa ndiye pekee unayejua njia ya kurudi.

Ukikutana na akina mama wanaochoma dhahabu kwa zebaki, usianze na mabango yenye fuvu la kichwa. Mama yako aliyaona mabango hayo. Aliichoma kwenye kikaango chetu cha zamani, hapo jikoni, usiku mmoja wa mvua, kwa sababu nje moto haukushika, na wewe ulikuwa umelala nyuma ya pazia. Alijua ni sumu. Nilijua mimi pia. Nilifungua dirisha nikajiona baba mwema. Kila ulipougua kifua mwaka ule, tulitazamana. Watu wanajua, Wambui. Wanachokosa ni mahali pengine pa kuchomea.

Nirudi kwa ndugu yako, maana jua linashuka na nasikia kama mnakaribia.

Niliwahi kwenda kumtoa. Ulikuwa kwenye mafunzo yako, hatukukuambia. Nilimkuta amekonda, ameota mabega, anajulikana na kila mtu pale. Nilimwomba. Nilipiga magoti, kitu ambacho baba hapaswi kumfanyia mwanawe, na vijana wenzake wakageuka pembeni kwa heshima. Akaniinua. Akasema, "Mzee, kama si hapa, ni wapi? Nionyeshe nitaenda leo." Alikuwa ameshajaribu: Kibomet, huko karibu na Kitale, alisimama kila asubuhi akingoja wa kumwita kubeba mawe ya ujenzi, na siku nyingi alirudi na mikono safi. Hakunitupia maneno kuhusu karo yako ya mwaka wa mwisho, kwamba ilitoka shimoni. Angeweza. Sitaki ulie kwa hilo, wala usimrudishie. Nataka ujue tu kwamba koti lile la ofisi lina vumbi la pande zote mbili.

Mama yako anataka nikuombe jambo. Amenibembeleza usiku baada ya usiku: nikuombe utuambie siku mtakayokwenda, neno moja tu kwenye simu, hata kama ni "habari za mahindi." Nilikaribia kukuomba. Sikuombi. Si kwa sababu mimi ni mwadilifu, umeshaona uadilifu wangu. Ni kwa sababu naijua kazi. Wakijua siku, hawaachi kuchimba, wanahama. Wanachimba usiku, kimya kimya, bila mtu wa kamba juu ili pasionekane mtu. Nimewahi kushuka hivyo. Taarifa ya siri ingemuua upesi kuliko gari lenu. Na wewe ungepoteza kazi, na pale mngepata afisa mwingine ambaye hana baba wa kumwandikia barua.

Kwa hiyo sikuombi umwokoe ndugu yako peke yake. Nakuomba hivi. Mkifika, watu watakimbia. Wenzako wataanza kuwakimbiza, ndivyo miguu ilivyo. Wewe waache waende. Anayekimbia yuko hai. Wewe tafuta kamba. Ukiona kamba imeingia shimoni, hata kama umeambiwa shimo halina mtu, hata kama aliyekuambia ameapa kwa mama yake, shimo lina mtu. Kanyaga mvukuto kwanza, uulize maswali baadaye. Siku hizi wengine wanatumia mashine ya kupuliza hewa. Aliyekimbia huizima ili isisikike. Iwashe.

Na usiite. Ukiita watazima tochi, kama alivyozima. Shika kamba, ivute mara tatu, ngoja kidogo, kisha vuta mara moja. Maana yake ni kwamba hapa juu yuko mtu wa kwenu. Sikuibuni mimi, tuliikuta, na ndugu yako anasema bado ndiyo hiyo kwenye mashimo yote. Kamba ikivutwa kutoka chini, jibu hilo ndilo sauti ambayo mimi sikuisubiri. Wafundishe wenzako. Watakucheka, waambie ni mambo ya kizamani ya kwenu, lakini wafundishe.

Ukipata nguvu ofisini, na utapata, usiniletee sheria ndefu. Nitakachokuuliza mimi ni swali la kukhu. Kila karatasi itakayopita mezani kwako, iulize: kwa hii, mtu wa kamba atabaki au atakimbia? Kama atakimbia, irudishe.

Sasa la mwisho, ambalo mama yako nimemwambia leo asubuhi kabla hamjatoka. Alikunja shati langu la kazi, akalikunjua, akalikunja tena, akaliweka kwenye mfuko.

Kesho utaondoka. Kesho kutwa nami naondoka. Nimempigia simu Wekesa nikamwambia kama amekataa kutoka, basi asishuke tena na mtu wa kamba mwingine, ashuke na mimi. Akasema nina mgongo mbovu. Nikamwambia mguu wa kukanyaga mvukuto bado ninao. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, bila mzaha wake wote:

"Sawa, mzee. Lakini usikimbie."

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kwa miaka yote hii. Wote walikuwa wananihurumia.

Mvua ikija nitamrudisha nyumbani tupande. Nimeapa kwa hilo, na safari hii mshipa ukifunguka nitaukalia. Lakini mvua bado, na gari lenu huenda likatangulia. Usimwambie mkubwa wako kwamba baba yako yuko huko mpaka ufike, na ukifika usinifiche. Nikamatwe kama wengine. Nitapanda lori mwenyewe, hamtahitaji kunishika mkono.

Utafika, Wambui, vumbi litatimka, watu watatawanyika kila upande. Pembeni mwa shimo moja utaona mzee ambaye hakimbii, ameshika kamba, anakanyaga mvukuto. Usimfunge pingu kwanza. Mtu mzima havutwi na mmoja, na wenzake wote watakuwa wamemkimbia. Weka vitu vyako chini, uje upande wa pili wa gogo, umsaidie kuvuta.

Baba yako,
Njoroge